Maji ya Kioo

Kuna swali ambalo nikiwauliza wenzangu wa Dar es Salaam wanacheka: je, ni haki kumimina nusu lita ya maji safi kwenye kioo cha gari, mahali ambapo kuna mtu ameamka saa tisa usiku kuyafuata maji hayo? "Bwana, washa waipa uende zako," wananiambia. Nikiwauliza watu wa Newala hawacheki. Wao huuliza kwanza: maji ya nani?

Naomba nikusimulie, ndugu msomaji, swali hili lilivyonijia, halafu tulijadili pamoja. Nakutahadharisha mapema kwamba mwenye kosa katika kisa hiki ni mimi.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, ile yenye mgongo wa duara, rangi yake zamani ilikuwa bluu. Mwaka huohuo wa 1972 ndipo Beetle ilipoipiku Ford Model T kwa idadi ya magari yaliyotengenezwa, zaidi ya milioni 15. Hilo nililisoma baadaye. Nilipokuwa mtoto nililijua kama gari la mjomba tu. Mjomba alikuwa mwalimu, alilinunua likiwa limeshatumika, akalitunza hadi alipofariki. Watoto wake walioko mjini walisema ni chuma chakavu, liuzwe kwa kilo. Lakini sisi ni watu wa upande wa mama, na kwetu neno mpwa bado lina uzito. Wazee walikaa kikao kifupi, wakasema mpwa alichukue. Nikalichukua na funguo zake mbili, kitabu chake kilichoshonwa upya kwa uzi wa gunia, na dumu la lita tano lililokuwa limeandikwa kwa rangi ya mafuta neno moja: KIOO.

Dumu lile nililiacha Newala, kwenye kibanda cha gari. Sikuona kazi yake.

Sasa inabidi niseme kidogo jinsi Beetle inavyoosha kioo chake, maana hoja yangu imelala humo. Magari mengi ya sasa yana pampu ndogo ya umeme: unavuta kitasa, pampu inanguruma, maji yanaruka. Beetle za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hazikuwa na pampu hiyo. Wahandisi wa Wolfsburg waliona kwamba ndani ya gari tayari kuna upepo uliokaa tu, yaani upepo wa tairi la akiba. Injini ya gari hili iko nyuma, buti liko mbele, na humo mbele ndimo lilimo tairi la akiba pamoja na chupa ya maji. Mpira mmoja unatoka kwenye tairi kwenda kwenye chupa. Upepo unayakandamiza maji. Mrija mwingine unatoka kwenye chupa hadi kwenye swichi ya waipa. Ukibonyeza, njia inafunguka, maji yanapanda mpaka kwenye nozo iliyo chini ya kioo, yanaruka. Basi. Hakuna betri wala mota hapo.

Utauliza: nikiosha kioo kila siku, si nitakuja kupata pancha porini nikute tairi la akiba nalo halina upepo? Walilifikiria. Kwenye ule mpira kuna vali inayojifunga yenyewe upepo ukishuka mpaka kiwango ambacho tairi bado linaweza kubeba gari. Ndiyo maana kitabu cha gari kinataka tairi la akiba lijazwe upepo mwingi kuliko matairi mengine. Ile ziada ndiyo ya kioo. Ikiisha, kioo hakipewi tena kitu.

Mimi habari ya vali sikuijua. Kitabu nilikuwa nacho, lakini ni nani anasoma kitabu cha gari? Nilipofungua buti nikaona mpira umechomekwa kwenye tairi la akiba, nikasema moyoni, hizi ndizo mbinu za mafundi wetu wa vichochoroni. Nikauchomoa. Nikajiona nimeokoa tairi. Chupa ya maji ikakauka, ndani yake ukabaki utando wa kijani, na gari likaendelea kutembea kama kawaida.

Hapo kwenye "kama kawaida" ndipo penye mtego. Mafuta yakiisha gari linasimama. Betri ikifa haliwaki. Breki zikilegea, wewe mwenyewe unaogopa. Maji ya kioo yakiisha hakuna kinachotokea. Gari halilalamiki, hata askari wa barabarani hajawahi kuniuliza. Unaweza kukaa miaka bila maji ya kioo na usipungukiwe na kitu unachokiona.

*

Ilikuwa Juni. Nilikuwa natoka Masasi alfajiri kwenda Newala kuandika habari za salfa, ile dawa ya unga ambayo wakulima wa korosho huipuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Kama hujawahi kufika kusini msimu huo, jua kwamba salfa hupulizwa alfajiri, wakati upepo umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Mashine zinalia mashambani huku bado giza, na wingu la njano linatambaa katikati ya miti. Ukipita na gari, wingu hilo linakushika na wewe pia.

Barabara ya Masasi hadi Newala wakati huo ilikuwa ya vumbi. Unaviacha nyuma vilima vya mawe vya Masasi, unatembea bondeni, halafu unaanza kupanda uwanda wa Makonde. Asubuhi unaelekea mashariki, maana yake jua likichomoza liko usoni kwako. Mbele yangu kulikuwa na basi. Kioo kikapokea umande, salfa, na vumbi jekundu la basi, kwa mpangilio huo. Nikabonyeza swichi ya maji kwa mazoea ya magari mengine, haikutoka hata tone. Nikawasha waipa kikavu. Mpira wake ulikuwa umekakamaa kwa jua, ukapaka ule mchanganyiko kioo kizima, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Jua likapiga hapo, na mbele yangu kukawa na pazia la rangi ya chungwa.

Pembeni ya kiti nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa, lita moja na nusu, haijafunguliwa. Nasisitiza hilo. Ningeweza kusimama dakika moja, kumimina kikombe kimoja, kufuta kwa kitambaa. Nikafikiri: haya ni ya kunywa, safari bado, na barabara hii naijua. Nikaendelea, mwendo kama kilometa 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kwa kila sekunde. Sekunde mbili za kutoona ni mita 28, na mita 28 kijijini zinatosha kuwa na nyumba, mti, na familia.

Niliona kwanza kitu cheupe. Nikakata usukani, gari likateleza kwenye mchanga, likasimama likiwa limekaa mshazari. Kile cheupe kilikuwa ndoo. Mama mmoja wa makamo alikuwa amejirusha kwenye mtaro, na nyuma yake binti wa kama miaka tisa amesimama na ndoo yake ndogo kichwani, hajatikisika, anaishika kwa mikono miwili. Ndoo ya mama ilikuwa imepasuka. Maji yalikuwa yanaingia mchangani, na mchanga wa kule unakunywa haraka.

Nikashuka natetemeka. Nikasema maneno ambayo kila dereva duniani ameshayasema.

"Samahani mama. Sikukuona."

Alikuwa anajipangusa kiwiko. Akanitazama, akatazama gari, akatazama kioo. Akasema:

"Mimi nimekuona tangu kule kwenye mwembe. Wewe mwenye taa hukuniona?"

Sikuwa na jibu. Nikatoa pesa ya ndoo. Akaipokea, hakuwa na sababu ya kuikataa. Nikatoa na chupa yangu ya maji, nikampa yule binti. Mama akaitazama ile chupa, akacheka kidogo, cheko ambalo sikulipenda, akasema, "Kumbe maji ulikuwa nayo."

Wakaondoka. Niliwataka niwapeleke, wakakataa. Nami ningekuwa wao nisingepanda.

*

"Sikukuona." Nimelifikiria neno hili kwa miaka sasa. Tunalitoa kama utetezi: sikukusudia, sikujua, basi sina hatia, au hatia yangu ni ndogo. Na mara nyingi ni kweli. Mtu akikatiza ghafla gizani, huwezi kulaumiwa kwa macho ambayo binadamu hajapewa.

Aristotle alilishika swali hili zamani sana, katika kitabu cha tatu cha maadili yake yanayoitwa ya Nikomako. Anakubali kwamba kutojua kunaweza kumwondolea mtu lawama. Halafu anaweka mpaka: kama kutojua kwenyewe umekusababisha wewe, utetezi unaanguka. Anatoa mfano wa mlevi. Anasema kulikuwa na sheria zilizomwadhibu mlevi mara mbili, kwa sababu mwanzo wa jambo ulikuwa mikononi mwake: angeweza kutolewa. Halafu anakwenda mbali zaidi, kwa wale wasiojua kwa sababu ya uzembe. Hao nao, anasema, walikuwa na uwezo wa kuwa makini.

Nikijipima kwa kipimo hicho, sikukuona kwangu kulianza siku nilipochomoa mpira ule nikiwa na kitabu mkononi ambacho sikukifungua. Kukaendelea kila asubuhi ambayo sikujaza chupa. Kukakamilika pale nilipoamua kwamba kikombe cha maji ya kunywa kina thamani kuliko kuona. Mama yule alikuja kwenye sekunde mbili za mwisho tu. Ndiyo maana siku hizi nasikia neno hilo kama kukiri kosa. Anayesema "sikukuona" anatakiwa aulizwe swali linalofuata: ulifanya nini ili uone?

Sisemi haya kwa madereva peke yao. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yangu yote ni kuona kwa niaba ya watu wengine. Asubuhi ile nilikuwa nakwenda kuandika kuhusu wakulima, na nilikuwa nimesafiri mikoa mitatu nikiwa na kinasa sauti kilichochajiwa vizuri, betri mbili za akiba, na daftari jipya. Vifaa vya kuwasikiliza watu nilikuwa navyo vyote. Kilichokosekana ni kile cha kunizuia nisiwagonge.

*

Nilipofika Newala nililipeleka gari kwa fundi ambaye alikuwa rafiki wa mjomba. Gereji yake ni mkorosho mmoja mkubwa na shimo chini yake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mpwa. Mbona umekuja na uso wa msiba?"

Nikamweleza. Hakunilaumu, wala hakunifariji. Alifungua buti, akautazama ule mpira unaoning'inia, akauliza, "Nani kauchomoa huu?" Nikasema ni mimi. Akanyamaza kama dakika nzima, halafu akaingia kazini, akinionyesha na mimi nifanye.

Tukatoa chupa. Tukaisugua ndani kwa mchanga laini na maji kidogo, tukaisuuza. Miripu miwili ya mrija ilikuwa imepasuka pale inapochomekwa. Akakata ncha zilizochakaa, akachomeka upya kwenye sehemu nzima. Akatoa nozo, akaitazama dhidi ya jua, tundu lilikuwa limezibwa. Akachukua sindano ya kushonea, akalizibua taratibu akizungusha. "Usitumie waya wa chuma kwa nguvu," akasema, "utalipanua tundu, maji yatamwagika badala ya kuruka." Akafuta mpira wa waipa kwa kitambaa chenye maji mpaka ukaacha kutoa weusi, akaukunja kwa vidole, akatikisa kichwa: huu ubadilishwe. Waipa iliyokakamaa ikipita juu ya mchanga bila maji inachora kioo, na mchoro wa kioo hautoki. Kila jua likipiga utauona.

Nikauliza tuweke sabuni ya unga kidogo? Akakataa. Sabuni ya kufulia inaacha utando, inaganda kwenye tundu, na povu lake likikauka linakuwa ukungu mwingine. Maji ya kisima je? Yana chumvi, yatajenga ukoko. "Mjomba wako alikuwa anaweka ya mvua," akasema. "Yaliyochujwa kwa kitambaa. Dumu lake liko wapi?"

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile dumu.

Mwisho akalijaza tairi la akiba upepo kwa pampu ya mguu, akazidisha, akapima, akazidisha tena. Ndipo akanieleza habari ya vali. Alipomaliza akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hili tairi linatoa, lakini halitoi mpaka life. Na haliwezi kutoa kama hukulijaza kabla." Akaniambia nibonyeze. Maji yakaruka, yakapita juu ya paa, yakamwagikia watoto waliokuwa wanatutazama. Wakapiga kelele za furaha. Fundi akainama kurekebisha nozo.

*

Jioni nikaenda kumsalimia mke wa mjomba. Nilikuwa nimejaa hekima mpya. Nikamweleza kwamba tangu leo kioo kitakuwa kinaoshwa kila asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa maji gani?"

Wewe ambaye hujafika Newala inabidi uelewe swali hilo. Mji umekaa kwenye ukingo wa uwanda. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaona bonde limeanguka mbele ya miguu yako na, kwa mbali, upande wa Ruvuma. Mvua inanyesha huku juu, lakini udongo wa mchanga unaimeza, na maji yanatokeza chini mabondeni. Kwa vizazi vingi maji yamepandishwa juu kwa vichwa vya wanawake. Baadaye zikaja pampu na mabomba ya kuyapandisha kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema, kule Kitangari, lakini bomba likikauka ndoo inarudi kichwani.

Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alipiga kambi Newala mwaka 1906. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1909 na Alice Werner, mwanamke aliyekuja kuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa Kiswahili. Weule alishangaa: kwa nini watu hawa wanaishi mbali hivi na maji? Akapewa simulizi ya asili. Mtu wa kwanza alichonga umbo kwa mti, likageuka mwanamke, akawa mke wake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa amekufa. Wakahama wakapanda juu zaidi, wa pili naye akafa. Wakapanda tena, na huko juu kwenye vichaka mtoto wa tatu akaishi. Wahenga wakausia: msikae mabondeni, msikae karibu na maji makubwa.

Ukilisoma simulizi hilo ukiwa umekaa mjini utaliona la ajabu. Lakini bondeni kulikuwa na homa, na zama za biashara ya utumwa kulikuwa na njia za watekaji. Watu walichagua uhai wa watoto, wakakubali kulipa kwa miguu ya mama zao. Kila ndoo iliyopanda ule mteremko tangu hapo ni sehemu ya malipo hayo.

Sasa mke wa mjomba, ambaye miguu yake imelipa kwa zaidi ya miaka 50, ananisikiliza nikimwambia habari za kurusha maji kwenye kioo. Akasema: "Kwenye nyumba hii hakuna tone la mtungi lililowahi kwenda kwenye gari. Mjomba wako alijua. Ukitaka kioo chako kione, tafuta maji ya kioo."

Nimezipima hoja hizi mbili mara nyingi. Fundi anasema: mwenye mwendo ana wajibu wa kuona. Mke wa mjomba anasema: wajibu wako usiulipe kwa jasho la mwingine. Kwa muda niliona zinagongana, na nikawaza kwamba lazima mmoja awe amekosea. Mtu angeweza kusema, maji ya mtungi yana thamani ndogo kuliko uhai wa mtembea kwa miguu, kwa hiyo chota tu. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ina uvivu ndani yake. Inasahau kwamba aliyebeba maji na anayetembea pembezoni mwa barabara ni mtu yuleyule. Nikichota kwenye mtungi wake ili nisimgonge, nimemfanya ajilipie ulinzi dhidi yangu.

Nikaenda kwenye kibanda cha gari. Dumu lilikuwa palepale, na juu yake ndipo nilipoona kitu ambacho utoto wangu wote nilikipita bila kukitazama. Bati la kibanda lilikuwa na mfereji mdogo uliokunjwa kwa mkono, upande mmoja tu, ukiishia juu ya mdomo wa dumu. Paa la gari ndilo lililokuwa linavuna maji ya gari. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, dumu lilijaa. Likifunikwa na kuwekwa kivulini, lita tano zinatosha kwa miezi mingi ya kiangazi kama unaosha kioo tu na si gari zima.

Mjomba hakuniachia maelezo yoyote kuhusu mfereji ule, na sitaki kumtungia falsafa. Huenda alichoka tu kugombana na mkewe. Lakini jibu lilikuwa pale limepigiliwa misumari: aliona wajibu ni wake, akaona na gharama ni yake, akaitafutia mahali pasipomgusa mtu mwingine, tena miezi kabla ya kuhitajika. Ni mantiki ya lile tairi. Kutoa bila kuumiza kunawezekana kwa yule aliyejaza ziada mapema. Asiyejaza, siku ya siku ikifika atabaki na njia mbili mbaya: kunyang'anya au kuacha.

*

Historia ya waipa yenyewe inanifundisha kitu. Aliyepata hataza ya waipa mwaka 1903 ni Mary Anderson, mwanamke wa Alabama huko Marekani. Inasimuliwa kwamba alikuwa abiria kwenye tramu ya New York siku ya theluji, akamwona dereva anahangaika kuona mbele. Alipopeleka wazo lake kwa kampuni moja ya Kanada mwaka 1905, aliambiwa halina thamani ya kibiashara. Hataza ikaisha muda wake bila kumletea faida. Kumbe kifaa hiki kilifikiriwa na mtu ambaye hakuwa anaendesha. Inawezekana mwenye usukani huzoea ukungu wake. Anajipinda shingo, anatafuta upenyo, anaendelea. Anayetambua hatari ni aliye pembeni.

Hapa msomaji makini atanipinga: hizi ni habari za mtu mwenye gari. Mama wa ndoo hahitaji falsafa ya nozo, anahitaji bomba lifike na njia ya waenda kwa miguu ijengwe. Nakubali, na nimeandika habari nyingi kudai hivyo. Sitaki kioo changu safi kiwe kisingizio cha kunyamazia mabomba makavu. Lakini nimegundua hatari ya upande wa pili pia. Ni rahisi kudai makubwa kwa serikali huku dogo lililo mkononi mwangu limekauka. Kudai bomba ni haki ya wote. Kujaza chupa ile ni kwangu peke yangu, na hakuna wa kunifanyia.

Siku hizi, kabla ya safari, nafungua buti, natazama kiwango cha maji, napima upepo wa tairi la akiba, nabonyeza mara moja. Kila mwezi nazibua nozo kwa sindano. Mvua zikianza namwaga maji ya zamani mchangani, chini ya mpapai wa mke wa mjomba, na kusafisha dumu. Haichukui muda.

Mama yule sikumwona tena. Nilirudi wiki iliyofuata na madumu mawili ya maji, nikasimama kwenye mwembe niliodhani ndio wenyewe. Kuna miembe mingi kwenye barabara ile. Niliwauliza watu, wakaniuliza jina lake, sikuwa nalo. Sikuwa nimemuuliza. Madumu niliyaacha kwa bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga. Aliyapokea bila kuuliza yanatoka wapi.

Barabara ile sasa ni ya kuwekewa lami, kilometa 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi. Nafurahi, nami nitaifurahia kama kila mtu. Vumbi litapungua, na lawama zote tulizokuwa tunalitupia vumbi hazitakuwa na pa kwenda. Mwendo nao utaongezeka. Mita 14 kwa sekunde zitakuwa 22, zitakuwa 25. Na salfa itaendelea kupulizwa kila Juni, alfajiri, na umande utaanguka, na jua la Newala litachomoza palepale, usoni kwa anayetoka Masasi.